Kishikwambi kinaganda katikati ya Utukufu. Ninunue kingine?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nakuandikia kutoka Songea.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa parokiani na ndiye huyohuyo mpiga kinanda, maana aliyekuwa akipiga alihamishwa kikazi na mpaka leo hajapatikana wa kushika nafasi yake. Nota zangu zote ziko kwenye kishikwambi: Samsung Galaxy Tab A ya inchi 10.1, toleo la 2019, RAM GB 2, ujazo GB 32. Nilikinunua kipya dukani. Kimenitumikia vizuri, siwezi kukisema vibaya, ila sasa kimeanza kuniaibisha mbele za watu.

Jumapili mbili zilizopita tulikuwa kwenye Utukufu. Ni ule wa kurasa saba alioutunga marehemu mwalimu wangu. Tumemaliza ukurasa wa tatu, nikapapasa kioo kwenda wa nne, kioo kikabaki palepale. Nikapapasa tena. Kikawa cheupe. Sauti ya kwanza na ya pili wanaujua wimbo kwa moyo, wakaendelea. Besi wakanigeukia. Mimi nimebaki na mkono wa kushoto, nairudiarudia do ya chini kama kengele ya shule. Kilipozinduka kikaruka kurasa mbili kwa mpigo, kwa sababu nilikuwa nimekipapasa mara nne. Baada ya Misa mwenyekiti wa kwaya akanivuta pembeni, akasema kwa upole, "Mwalimu, hii kitu tuitafutie dawa."

Ajabu ni kwamba si nyimbo zote. Nilizoletewa zikiwa zimechapwa kwa kompyuta zinafunguka papo hapo. Zinazogoma ni hizi za zamani, ambazo nilizipiga picha mwenyewe kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kutoka kwenye madaftari ya marehemu kabla panya hawajayamaliza. Ni picha kama 140, nikaziunganisha kuwa PDF. Nafasi iliyobaki ndani ya kishikwambi ni MB 700 tu. Chaji nayo, Misa mbili na mazoezi mafupi, kwisha.

Sasa kuna binti yangu, yuko kidato cha pili. Kishikwambi hikihiki ndicho anachosomea vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na najua kuna michezo humo ingawa anakana. Jumamosi usiku kinakuwa kwake. Jumapili alfajiri nakikuta kina asilimia 30, wakati mwingine 20.

Nina laki nne zangu. Kamati ya kwaya imekubali kuniongezea laki tatu. Nimezunguka na nimepata haya: Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7 kwa 380,000. Galaxy Tab A9+ ya inchi 11, yenye RAM GB 4 na ujazo GB 64, kwa 560,000, au yenye GB 8 na GB 128 kwa 680,000. Shemeji yangu aliye Dar anauza iPad yake, kizazi cha 6, kwa 350,000. Na kuna kijana Kariakoo amenitumia picha ya kishikwambi kipya cha jina nisilolijua, Android 14, RAM GB 12, ujazo GB 512, kinakuja na kava, kibodi, na saa ya mkononi, vyote kwa 250,000.

Naomba uniambie ukweli. Hivi vya bei ya kawaida ni hatua mbele, au nitakuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto?

Mwalimu wa Kwaya, Songea

JIBU

Mwalimu, pole na Utukufu wako. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye kaswida na matari, kwa hiyo nota zenu sizijui kuzisoma. Lakini kifaa kinachoganda mbele za watu nakijua vizuri, nimeletewa vingi mezani.

Umeandika mengi, ila kuna sentensi moja iliyonifanya niweke kikombe chini: nyimbo zilizochapwa zinafunguka, zilizopigwa picha zinagoma. Kishikwambi kilichochoka hakichagui wimbo. Kingekuwa kimekufa, hata hizo za kompyuta zingekuwa zinaburuta miguu. Kwa hiyo kabla hujagusa hata shilingi ya kwaya, tuyaangalie hayo madaftari ya marehemu.

Simu nyingi hupiga picha ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12. Ikiwa imehifadhiwa, picha hiyo huchukua kama MB 4 au 5, nawe unaona ni ndogo. Lakini ni kama mkeka. Ukiwa umekunjwa unaubeba kwapani, ukiutandaza unajaza chumba. Ili kioo kiionyeshe, picha lazima itandazwe ndani ya RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, na kila nukta hapo huchukua baiti 4. Milioni 12 mara 4 ni MB 48, kwa ukurasa mmoja tu. Programu nyingi za kusomea PDF huandaa na ukurasa wa jirani mapema ili ukipapasa uwe tayari, kwa hiyo mikeka ni miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Na RAM yako ni GB 2, ambayo sehemu kubwa imeshaliwa na Android yenyewe. Ukurasa wa nne ulipotakiwa kutandazwa, chumba hakikuwa na nafasi, kikaanza kukunja mingine. Wakati huo wewe unapiga do.

Kinachouma zaidi ni kwamba nukta zote hizo huzioni. Kioo chako kina nukta 1920 kwa 1200, jumla milioni 2.3. Kishikwambi kinatandaza milioni 12 ili kikuonyeshe chini ya robo yake.

Dawa yake haina gharama, inataka jioni mbili za uvumilivu. Chukua picha zako uzipitishe kwenye programu ya kuskani. Adobe Scan ni ya bure na hukubali picha zilizoko tayari kwenye simu, sio lazima upige upya. Inakata kingo za daftari, inanyoosha ukurasa uliopinda, na inakuruhusu kuchagua rangi. Fanya kazi hiyo kwenye simu, usikitese kishikwambi. Kisha PDF iliyopatikana uipunguze mpaka ukurasa uwe na upana wa nukta 1240 hivi na urefu wa 1750, ambao ndio ukurasa wa A4 kwa nukta 150 kwa inchi. Kama hujui kupunguza, kijana yeyote wa duka la steshenari anayetengeneza kadi za harusi atakufanyia kwa kompyuta ukimtajia namba hizo. Hapo ukurasa unatandazwa kwa MB 9 hivi badala ya 48.

Tahadhari moja tu. Usichague nyeusi na nyeupe tupu, chagua ya kijivu. Waalimu wa zamani waliandika alama za kupumua na za kupunguza sauti kwa penseli, na nyeusi-nyeupe tupu huifuta penseli kama haikuwahi kuwepo. Utajikuta na wimbo usio na pumzi. Na picha za asili usizifute hata moja. Picha 140 za MB 5 ni MB 700, zinaingia kwenye flash yoyote na bado zinabaki ndogo kwenye Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure. Weka kote kuwili. Panya hawajui kupanda mtandaoni.

Sasa ukubwa wa kioo, maana naona hapo ndipo unapotaka kutolewa fedha. Nilichukua rula. Kioo chako cha inchi 10.1 ukikisimamisha kina upana wa sentimita 13.6. Karatasi ya A4 ina 21. Ina maana nota yako unaiona kwa asilimia 65 ya ukubwa wake halisi. Tab A9+ ya inchi 11 ina upana wa sentimita 14.8, sawa kabisa na karatasi ya A5, na nota inakuja kwa asilimia 70. Umeongeza sentimita 1.2. Laki tano na sitini kwa sentimita moja na pointi mbili, Mwalimu, hata kitambaa cha sare ya Pasaka hakiuzwi hivyo.

Halafu angalia karatasi zako zilivyo. Nota nyingi zina pambizo tupu la sentimita mbili na nusu kila upande. Unabeba weupe huo kila Jumapili na haukuimbishi chochote. Programu za nota na za kusomea PDF kama MobileSheets au ReadEra zina sehemu ya kukata pambizo. Ukizikata, kilichobaki kina upana wa sentimita 16, na kwenye kioo chako hichohicho cha 2019 kitakaa kwa asilimia 85. Yaani kishikwambi cha zamani kilichokatwa pambizo kinakuonyesha herufi kubwa kuliko kipya kisichokatwa. Kweli, ukizikata na kwenye kipya, kipya kitakishinda tena cha zamani, lakini hukuandika kulalamikia macho. Ulilalamikia kuganda.

Kuhusu zile MB 700 zilizobaki, hiyo peke yake inatosha kukifanya kifaa kizito. Hifadhi ikikaribia kujaa, kila kitu kipya kinachoandikwa lazima kwanza kitafutiwe mahali, kifutwe kilichopo, ndipo kiandikwe. Nabashiri mkosaji ni kundi la WhatsApp la kwaya: kila harusi mliyoimba ina video kumi na mbili kutoka simu kumi na mbili. Ingia WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, uzime upakuaji wa video wa moja kwa moja. Zilizokwishaingia zihamishe au zifute. Jitahidi ubaki na GB 6 au 7 tupu. Kishikwambi chako kina mahali pa memori kadi, nota zikae huko.

Chaji tusiisemee sana. Betri yake ilitoka na mAh 6150, na kifaa kimeshafika umri wa kuanza darasa la kwanza, lazima ipungue. Power bank ndogo kwenye kiti cha kinanda inatosha. Isipokuwa ukiona mgongo wa kishikwambi unainuka au kioo kinaachana na fremu: hapo betri imevimba, usikichaji tena, kipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Basi tuje kwenye orodha yako, maana najua bado unaitamani.

Tab A9 ya inchi 8.7 iondoe kichwani. Ni kifaa kizuri cha kusomea habari kitandani. Upana wake ukikisimamisha ni sentimita 11.3. Nota ya sauti nne, yenye mistari ya maneno ya beti tatu chini yake, kwa ukubwa wa nusu ya karatasi? Utakuwa umenunua miwani pia. Kina RAM kubwa kuliko chako na kinakimbia zaidi, lakini kwa kazi yako kinakurudisha nyuma. Nimekitaja cha kwanza kwa sababu ndicho kipya cha jina linalojulikana kinachoingia kwenye laki nne zako bila kusukumwa, na najua fedha ilivyo, huwa inachagua kitu kabla ya mwenye nacho.

iPad ya shemeji. Kizazi cha 6 ni cha 2018. Kioo ni inchi 9.7, unaweza kudhani ni hatua nyuma, lakini umbo lake ni la mraba zaidi, na A4 nzima inakaa humo kwa asilimia 66, sawasawa na kwako. Inasoma PDF vizuri sana, hilo nakubali. Ila RAM ni GB 2 kama yako, haina mahali pa memori kadi, na mfumo wake umeishia iPadOS 17, hauendi mbele. Unatoa laki tatu na nusu kununua kifaa kilichotoka mwaka mmoja kabla ya chako. Kama ni lazima umpunguzie shemeji mzigo, basi akufutie akaunti yake ya Apple mbele yako, kifaa kikiwa kimewashwa na nenosiri analiandika mwenyewe. iPad iliyobaki na akaunti ya mwenye mali wa zamani ni kibao cha kukatia vitunguu.

Kijana wa Kariakoo. Hapa nitakaa kidogo.

Niliwahi kuletewa kimoja cha ukoo huo, tena na kibodi na saa vilevile. Mama mmoja alimnunulia mwanawe wa chuo. Kwenye boksi GB 512, kwenye mipangilio GB 512, kila mahali ukitazama GB 512. Nikaingiza video zake za mihadhara kwa kompyuta, zikaingia zote bila kelele. Kisha nikajaribu kuzifungua. Zile za mwanzo zilifunguka, za katikati zikaonyesha picha nusu, za mwisho zilikuwa majina tu. Kifaa kilikuwa kinajua kusema uongo vizuri kuliko kinavyojua kutunza kitu. Mfumo ulikuwa umehaririwa utaje namba yoyote inayopendeza. Yule mama aliniuliza kama saa nayo ni ya uongo. Saa ilikuwa nzima.

Hata vile visivyo vya uongo mtupu vina ujanja wa hesabu. RAM "GB 12" mara nyingi ni GB 4 za kweli na GB 8 za kuazima kutoka kwenye hifadhi. Hifadhi haina kasi ya RAM, kwa hiyo GB 8 hizo ni sawa na kuandika kwenye bango kwamba kwaya ina waimbaji 40 huku 25 wako safarini. Ukiona tangazo linajumlisha hivyo, uliza ya kweli ni ngapi. Na kifaa kipya cha kila kitu kikubwa kwa nusu ya bei ya kile chenye namba ndogo, mtu amelipa tofauti mahali fulani, na mara nyingi ni mnunuzi. Mwambie kijana asante.

Imebaki A9+. Hiki ndicho ningekinunua, na nakwambia wazi kwamba ni hatua mbele ya kweli: kioo cha inchi 11, chipu ya Snapdragon 695 ambayo inaiacha mbali chipu ya 2019, betri ya mAh 7040, mahali pa memori kadi, na kilitoka na Android 13, wakati chako kilitoka na Android 9 na masasisho makubwa yakaishia 11. Kwa hilo la mwisho, kama una programu ya benki au ya pesa za simu kwenye kishikwambi cha zamani, itoe leo. Kati ya ile ya GB 4 na ya GB 8, memori kadi huongeza ujazo lakini RAM haiongezwi na mtu yeyote, hata fundi wa Kariakoo, kwa hiyo mwenye uwezo achukue ya GB 8 asijiulize mara mbili.

Lakini kiwe cha nani?

Hapa ndipo barua yako ilipo, nadhani, kuliko kwenye megapikseli. Una kishikwambi kimoja na watumiaji wawili. Wewe unakihitaji kikiwa kimejaa chaji na kimetulia Jumapili saa 12 asubuhi. Binti anakihitaji Jumamosi usiku, akiwa na vitabu, na hiyo michezo ambayo haipo. Ukinunua kipya na mkaendelea kukigombania, mwakani Pasaka utaniandikia barua ileile ukibadilisha jina la kifaa.

Na unataka kuchanganya laki nne zako na laki tatu za kwaya. Mwalimu, usifanye hivyo. Siku kioo kikipasuka nyumbani kwako, nani analipa? Siku ukihamishwa parokia kama alivyohamishwa mpiga kinanda, kishikwambi kinabaki au kinaondoka? Mtakipima kwa saba, nne kwako tatu kwao? Binti akikutwa anacheza michezo kwenye mali ya kwaya, hata kama ni kwenye ile sehemu ya nne kwa saba, kamati haitahesabu hivyo. Nimeona vikundi vya kufa na kuzikana vikivunjika kwa spika moja tu iliyonunuliwa kwa mchango wa mtindo huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Cha zamani kifanye cha kwaya tupu. Toa michezo, toa WhatsApp, zima intaneti, kibaki na nota na programu moja ya kuzisomea. Mwambie mwenyekiti dawa imepatikana na laki tatu zao zikae. Kifaa kisichoingia mtandaoni hakihitaji masasisho ya kukilinda, na PDF nyepesi hakitazilalamikia miaka mingine miwili mitatu. Kijaribu kwenye mazoezi ya Alhamisi, usisubiri Jumapili. Pigeni ule Utukufu mara tatu mfululizo, kisha Mwanakondoo, urudi Utukufu.

Laki nne zako ni za kishikwambi cha nyumbani, cha binti na cha wewe mwenyewe kutungia. Ongeza taratibu mpaka ufike kwenye A9+ kabla hajaanza kidato cha tatu. Kusoma kitabu cha Fizikia chenye michoro kwenye kioo cha inchi 8.7, kila mchoro ukiuvuta kwa vidole viwili, ni njia ya haraka ya kumchukiza mtoto na Fizikia. Ikiwa mwenyewe una mpango wa kuandika nota kwa mkono, fahamu kwamba familia ya Tab A9 haina kalamu. Tab S6 Lite huja na kalamu yake ndani ya boksi, kioo inchi 10.4, ila bei inapanda na unaweza kulazimika kungoja zaidi.

Na kama baada ya Jumapili mbili za dawa bado kinaganda? Basi kwaya inunue cha kwayani, kwa fedha za kwaya zote, ile A9+ ya GB 4 inatosha kwa nota zilizopunguzwa, kiandikwe kwenye daftari la mali pamoja na kinanda na sare, na kilale kabatini, sio nyumbani kwako. Hata hapo usiongeze ya kwako.

Siku utakayonunua, chochote kile, dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa. Kama kina laini, bonyeza *#06#, zitume namba za IMEI, yaani za utambulisho wa kifaa, kwenda 15090 ukiwa bado dukani, usome jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, linataja aina gani ya kifaa. Waliokumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, hawahitaji kuelezwa. Cha Wi-Fi tupu hakina IMEI, kwa hiyo muuzaji akikwambia hivyo hadanganyi. Utamsikia pia akikwambia "ni kama vile vya Sensa", maana tangu makarani wapite majumbani navyo Agosti 2022, na baadaye vikagawiwa kwa walimu wa shule, kila chenye kioo kikubwa kimekuwa cha Sensa. Usibishane naye. Mwombe tu akuruhusu kuchomeka memori kadi yako.

Humo uwe umeweka Utukufu wa marehemu kwa picha zake kamili, zile nzito, zisizopunguzwa. Ufungue. Nenda mpaka ukurasa wa tatu, hesabu mapigo yako, kisha papasa mara moja kwenda wa nne. Muuzaji akiuliza unafanya nini, mwambie unawasubiri besi.